Buldogi Aliyeletwa Nyamache na Taabu za Tumbo Lake

Mazungumzo haya yawahusu watu wa Nyamache, na majirani zao wa Kisii na Nyamira, wenye kufuga mbwa, na hasa wale waliopata mbwa wa aina ya buldogi. Hata mwenye mbwa wa kawaida, yule afungwaye mchana na kufunguliwa usiku, ataona kuwa mengi yanamhusu, kwa kuwa maradhi ya tumbo hayachagui kabila la mbwa. Na asiyefuga mbwa kabisa asiondoke upesi, maana limo jambo la ghala ya mahindi na jambo la watoto, na hayo ni ya kila nyumba.

Siku hizi si ajabu kijana aliye kazini Nairobi kumpelekea baba yake mbwa wa kigeni amlindie boma. Mzee huipokea zawadi kwa furaha, huutazama ule uso uliokunjamana kama uso wa hakimu aliyekosa usingizi, kisha humlisha mgeni kama alivyowalisha mbwa wake wote tangu zamani: ukoko wa ugali, maji yaliyooshea sufuria, na mifupa ya kuku siku ya wageni. Baada ya majuma mawili mbwa anatapika, anaharisha, ananuka, na tumbo lake linanguruma usiku kucha. Jirani wa kwanza asema ni minyoo. Jirani wa pili asema wezi wamemtegea sumu. Jirani wa tatu hasemi mengi. Yeye anakuja na chupa ya dawa ya ng'ombe. Kati ya hao watatu, wa tatu ndiye wa kuogopwa.

Kabla ya kutaja dawa yoyote yafaa kumjua mbwa mwenyewe. Buldogi ni mbwa wa Uingereza. Zamani alizalishwa kwa ajili ya mchezo wa kikatili, ng'ombe dume akifungwa kwa kamba na mbwa wakiachiliwa wamng'ate pua. Mchezo huo ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1835. Baadaye wafugaji waliendelea kumzalisha kwa ajili ya maonyesho, wakichagua kila mara wale wenye uso mfupi na kichwa kikubwa zaidi, mpaka akapatikana huyu aonekanaye leo: dume la kilo 25 hivi, jike la kilo 23, miguu mifupi, kifua kipana, na taya ya chini iliyotangulia mbele ya taya ya juu. Mifupa ya uso ilifupika, lakini nyama za ndani hazikufupika kwa kadiri ile ile. Kaakaa laini lililo nyuma ya kinywa ni refu kupita nafasi yake, na matundu ya pua ni membamba. Ndiyo sababu hukoroma hata akiwa macho. Watu hucheka wakisema kwamba ndivyo alivyoumbwa. Ukweli ni kwamba wanadamu ndio waliomfanya hivyo, na kukoroma kule ni shida ya pumzi.

Shida hiyo ya pumzi ndiyo mwanzo wa shida nyingi za tumbo. Kila mara buldogi avutapo hewa kwa nguvu, nguvu ile ile huvuta sehemu ya juu ya tumbo kuelekea kifuani, na chakula hurudi nyuma katika umio. Tena, kwa kuwa hawezi kupumua vizuri huku akila, humeza hewa pamoja na chakula. Hewa hiyo lazima itafute njia ya kutoka, ama juu ama chini, na watu wa nyumbani huijua siku hiyo hata wakiwa chumba cha pili. Kwa hiyo mwenye buldogi asishangae kuona taabu ambazo mbwa wake wa zamani, mwenye pua ndefu, hakuwa nazo kamwe kwa chakula kile kile.

Jambo la kwanza kwa mwenye mbwa ni kutofautisha kucheua na kutapika. Wengi huyachanganya mambo haya mawili, na daktari wa mifugo akiulizia, hujibiwa tu kwamba "anarudisha". Mbwa anayetapika huonyesha ishara kwanza: hudondosha mate, hulamba midomo, hutembea huku na huku, kisha ubavu na tumbo hukazana mara kadhaa ndipo kitu kitoke, na mara nyingi huwa na maji ya manjano ya nyongo. Mbwa anayecheua hana mahangaiko hayo. Huinamisha kichwa tu, na chakula hutoka kama kilivyoingia, hakijasagika, pengine kimeshikamana kwa umbo la mviringo kama kipande cha soseji. Kutapika ni neno la tumbo, utumbo, ini au sumu. Kucheua ni neno la koo na umio, na kwa buldogi ndiko kunakoonekana zaidi. Hatari ya kucheua ni kwamba chakula au mate huweza kuingia katika mapafu na kuleta kichomi. Buldogi acheuaye kila siku, kisha akaanza kukohoa na kupata homa, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kucheua kwa namna ya kawaida hupunguzwa kwa kubadili jinsi ya kulisha, na hakuna gharama. Buldogi hawezi kuchota chakula vizuri katika sufuria yenye kina kirefu, kwa sababu ya taya yake. Apewe sahani pana. Chakula cha siku kigawanywe mara tatu badala ya kumwagiwa chote jioni. Kiwe laini, kisiwe kikavu cha kumkaba wala uji wa kunywa. Ikiwa ana pupa, na buldogi wengi wana pupa, liwekwe jiwe kubwa laini, lililooshwa, katikati ya sahani, lenye ukubwa asioweza kulimeza, ili alazimike kulizunguka akila kidogo kidogo. Baada ya kula apumzike kivulini walau saa moja. Asikimbizwe na watoto wala kufungwa juani. Na akitembezwa, mshipi wa kifuani ni bora kuliko kamba ya shingoni, kwani kamba humkaba palipokwisha kuwa pembamba. Baridi ya milima ya Nyamache yamfaa buldogi kuliko joto la pwani, lakini hata huko jua la saa saba laweza kumwangusha, na mbwa aliyepatwa na joto kali hutapika na kuharisha damu kabla ya kufa. Mnene hupata taabu zaidi ya mwembamba katika haya yote. Ubavu wake ukipapaswa, mbavu zapaswa kuhisiwa chini ya vidole.

Baada ya hayo itazamwe sahani yenyewe: kimeingia nini? Katika nchi ya Wagusii kuna vitu vichache ambavyo havimo katika vitabu vya mbwa vya Ulaya, navyo vyapasa kuangaliwa. Gunzi la mahindi ni moja. Mbwa hupenda mabaki ya mahindi ya kuchemsha, hulitafuna gunzi na kumeza vipande, na kipande kimoja kikikwama katika utumbo hakiyeyuki wala hakisongi. Kokwa ya parachichi ni namna ile ile. Miti ya parachichi ni mingi, matunda huanguka yenyewe, na mbwa huyala yakiwa chini. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali na kutoboa. Mbwa aliyekwama kitu hutapika kila alacho, kisha hutapika hata maji, naye hapati choo. Huyo hana dawa ya kunywa. Dawa yake ni kisu cha daktari, na kila siku inayopita bila kisu huongeza uwezekano wa utumbo kuoza.

Omena ni chakula kizuri chenye nguvu, na mbwa huwapenda, lakini wale walioanikwa chini hubeba mchanga mwingi. Vumbi la omena liuzwalo kwa bei rahisi kwa ajili ya kuku huwa nusu yake ni mchanga mtupu, na tumbo la mbwa si firigisi. Omena waoshwe mara kadhaa, wapikwe bila chumvi. Maziwa nayo yana watetezi wengi, maana katika maboma mengi ng'ombe yupo na maziwa hayakosekani. Mtoto wa mbwa huyahitaji ya mama yake. Mbwa mzima aghalabu hawezi kusaga sukari iliyo katika maziwa, na buldogi apewaye kikombe kila asubuhi ataharisha kila jioni. Mafuta ya nyama yaliyotupwa baada ya sherehe huweza kuwasha kongosho, na mbwa akakunja mgongo kwa maumivu. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa katika mchuzi, huharibu damu ya mbwa. Na chakula kisibadilishwe ghafla: kama buldogi alizoea chakula cha mfuko cha Nairobi, ugali wa nyumbani uingizwe kidogo kidogo kwa muda wa siku 7, wala ugali peke yake usimtoshe, kwani huhitaji nyama, mayai, omena au maini.

Sasa lije jambo la mahindi. Kisii ni nchi ya mvua. Katika nyanda zake za juu mvua huzidi milimita 1,500 kwa mwaka, na mara nyingi mavuno huingia ghalani kabla hayajakauka sawasawa. Mahindi yenye unyevu huota kuvu. Mwenye nyumba huyachagua, mazuri huyapeleka katika kinu kwa ajili ya watu, na yale ya rangi ya kijani, ya kijivu au meusi husema, "Haya ni ya kuku na mbwa." Anadhani ameokoa chakula kisiharibike bure. Kumbe katika kuvu hiyo mna sumu iitwayo sumukuvu, au aflatoksini kwa jina la kitaalamu, ambayo haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha, na haifi kwa moto wa jikoni hata ugali ukipikwa saa nzima.

Sumu hii ilijulikana kwa wataalamu baada ya mwaka 1960, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula karanga zilizosagwa zenye kuvu. Tangu miaka ya 1950 mbwa huko Marekani walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa ini usiojulikana chanzo chake, nao baadaye ukatambuliwa kuwa ni sumu ile ile; na kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2021 mbwa zaidi ya 100 walikufa huko kwa chakula cha mfuko kilichotengenezwa kwa mahindi yenye kuvu. Kwa hiyo hata mfuko wenye picha nzuri si hakikisho. Lakini hapana haja ya kwenda Marekani. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 walipatikana wameugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa.

Mbwa aliyepata sumu hii huanza kwa kukataa chakula. Hulegea, hutapika, hunywa maji mengi. Kisha weupe wa macho na fizi hugeuka manjano, mkojo huwa kama chai ya rangi, na choo huwa cheusi kama lami kwa sababu ya damu iliyosagika. Mwenye mbwa, akiona choo cheusi, hudhani ni minyoo. Dawa ya minyoo nayo hupitia katika ini, na ini hilo ndilo lililokwisha kujeruhiwa. Hivyo mnyama hubebeshwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Yafaa hapa kutulia kidogo. Mbwa hupewa sehemu mbaya zaidi ya gunia, hupewa hiyo kila siku, na mwili wake ni mdogo. Ndiyo sababu yeye huonyesha dalili kwanza. Lakini gunia ni moja. Punje zilizobaki kwa ajili ya watoto zilikaa mguu kwa mguu na zile zilizochaguliwa, na sumu huweza kuwamo katika punje ambayo bado yaonekana nzuri. Ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sehemu ya sumu huingia katika maziwa. Kuyapeleka katika pombe hakuiondoi. Basi mbwa akiwa na macho ya manjano, mtu wa kwanza wa kuangaliwa baada yake ni mama mwenye ghala, na swali la kuulizwa ni lini mahindi yaliingia na yalikuwa makavu kiasi gani. Kipimo cha halali cha Kenya hakiruhusu sumukuvu kupita sehemu 10 katika sehemu bilioni moja za mahindi, kadiri ndogo sana isiyoweza kukisiwa kwa mkono. Linaloweza kufanywa nyumbani ni kukausha. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasigusane na udongo, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Asiye na chombo cha kupimia achukue chupa kavu ya kioo, atie punje pamoja na chumvi kavu kidogo, aitikise vizuri, kisha aiache itulie robo saa. Chumvi ikishika katika kioo, mahindi bado ni mabichi kwa kuwekwa ghalani. Ikianguka yote chini, yamekaribia. Na yaliyokwisha kuota kuvu yafukiwe au yachomwe. Kumpa mbwa si kuyaokoa.

Basi buldogi ameamka anaharisha, afanyiwe nini? Kama ni mzima wa miaka, mchangamfu, na choo hakina damu, yaweza kungojwa siku moja. Apewe maji safi kidogo kidogo, mara nyingi. Apikiwe wali laini na nyama ya kuku isiyo na ngozi wala mfupa, bila mafuta, chumvi wala kitunguu, apewe kiasi kidogo mara nne au tano kwa siku, na akipata nafuu arudishwe katika chakula chake polepole. Mtoto wa mbwa asishindishwe na njaa kamwe wala asingojewe. Yeye hukaukiwa na maji kwa muda mfupi sana. Watu hufundishwa kupima ukavu wa mwili kwa kuvuta ngozi ya mgongo na kuona kama inarudi upesi. Kwa buldogi kipimo hiki hudanganya, kwa kuwa ngozi yake imelegea tangu kuzaliwa. Afadhali kidole kigusishwe katika fizi: zikiwa na maji na zenye rangi ya waridi, bado ana nguvu, zikiwa zanata, nyeupe, au za manjano, hapana kungoja tena. Vilevile hapana kungoja akitapika zaidi ya siku moja, akiharisha damu, au tumbo likijaa na kukaza kama ngoma huku akijaribu kutapika na kitu hakitoki. Hali hii ya mwisho ni tumbo lililojisokota, nalo huua kwa saa chache.

Arudi sasa yule jirani wa tatu na chupa yake. Dawa ya minyoo ya ng'ombe imepimwa kwa mnyama wa kilo 200 na zaidi. Kifuniko kimoja kwa buldogi wa kilo 23 chaweza kuwa mara nyingi zaidi ya kadiri yake, na baadhi ya dawa hizo, hata kwa kadiri ndogo, mbwa hazivumilii kama ng'ombe azivumiliavyo. Atatetemeka, atapofuka, ataanguka. Dawa ya kupe nayo, ile ya kuogeshea ng'ombe, hupakwa mbwa bila kuchanganywa na maji ya kutosha. Mbwa hujilamba, hudondosha mate, hutapika na kuharisha, na mwenyewe hutafuta ugonjwa tumboni ilhali sumu iko juu ya manyoya. Dawa za watu hazina huruma zaidi. Vidonge vya maumivu viuzwavyo dukani, kama vile ibuprofeni na diklofenaki, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Muuzaji wa agroveti aulizwe dawa ya mbwa kwa jina la mbwa na uzito wa mbwa, na asiye na dawa hiyo aseme hana.

Jirani wa kwanza, yule wa minyoo, hakukosea kabisa. Mbwa wengi wanayo, na watoto wa mbwa karibu wote, kwa sababu minyoo mviringo huwaingia tangu tumboni mwa mama. Kitoto chenye tumbo kubwa na mbavu zinazoonekana kimejaa minyoo. Hupewa dawa ya kwanza kikiwa na umri wa majuma 2, kisha kila baada ya majuma 2 mpaka kiachishwe ziwa, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mbwa mzima hupewa kila miezi 3. Safura hunyonya damu na kuzifanya fizi kuwa nyeupe. Tegu huletwa na viroboto, na vipande vyake huonekana kama punje za mchele penye mkia; dawa ya minyoo mviringo haimwui tegu, yeye huhitaji prazikwanteli, na viroboto wasipoondolewa atarudi. Mayai ya minyoo mviringo hukaa udongoni muda wa miaka, na watoto wachezao uani huyameza kwa mikono; minyoo ikichanguka huzunguka katika mwili wa mtoto na huweza kuharibu jicho. Kinyesi cha mbwa kizolewe kila siku kifukiwe, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Liko tegu lingine dogo ambalo halimsumbui mbwa hata kidogo, ndiyo sababu husahauliwa. Mbwa hulipata kwa kula maini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yenye malengelenge ya maji. Naye mtu akimeza mayai yake huota malengelenge yale yale ndani ya ini lake, yakakua kwa miaka. Huko Turkana ugonjwa huu, uitwao hidatidi, uliwahi kuwa miongoni mwa iliyoenea kupita kiasi duniani, na shirika la AMREF lilianza kupigana nao huko mwaka 1983 kwa upasuaji na kwa kuwapa mbwa dawa. Kisii yapakana na Narok, nchi ya mifugo mingi, na nyama husafiri. Basi viungo vyenye malengelenge visitupiwe mbwa machinjioni wala nyumbani. Vichomwe au vifukiwe kwa kina.

Kwa watoto wa mbwa, ugonjwa wa kuogopwa kupita yote ni parvo, uliotambuliwa kwanza mwaka 1978 na kuenea dunia nzima kwa muda mfupi. Kitoto hulala leo kizima, kesho kinatapika na kuharisha damu yenye uvundo usiosahaulika. Kinga ni chanjo, kuanzia majuma 6 au 8, ikirudiwa kila baada ya majuma 3 au 4 mpaka kifike majuma 16. Anunuaye buldogi mdogo aulize karatasi ya chanjo kabla ya kutoa fedha.

Huenda pia mwenye buldogi akaona choo laini kisichokwisha, pamoja na mbwa kujikuna, kulamba nyayo, na masikio kutoa uchafu. Haya hudhaniwa kuwa maradhi manne, kumbe pengine ni moja: mwili umekataa aina fulani ya nyama. Hujulikana kwa kumlisha nyama ya aina moja ambayo hajapata kuila, mathalani sungura, pamoja na viazi, kwa majuma 8, bila kutupiwa kitu kingine chochote. Si rahisi katika boma lenye watoto, lakini kipimo kingine cha kuaminika hakipo. Wakati huo mikunjo ya uso na ya mkia ifutwe kila siku kwa kitambaa chenye maji safi kisha ikaushwe vizuri, kwani mkunjo wenye unyevu huoza.

Limebaki jambo moja, nalo laweza kuua mtu. Mbwa hudondosha mate, hawezi kumeza, sauti imebadilika, taya limelegea. Mwenyewe asema, "Amekwamwa na mfupa," akaukunjua mkono wa shati na kuuingiza kooni. Huenda ni mfupa kweli. Lakini hivyo ndivyo kichaa cha mbwa kionekanavyo kikija kwa njia ya kupooza, na mate hayo yakigusa mchubuko wa kidole yatosha. Na kwa buldogi, ambaye mate na mkoromo ni desturi yake, ni vigumu zaidi kutambua mwanzo wake. Ugonjwa huu uliandikwa rasmi Kenya tangu mwaka 1912, kwa mbwa wa kando ya Nairobi, na haujaondoka. Mwaka 2014 Serikali ilianzisha mpango wa kuvimaliza vifo vya watu vitokanavyo nao ifikapo 2030, ambao nguzo yake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Mtu akishaanza kuonyesha dalili karibu hapana aponaye. Mkono usiingizwe katika kinywa cha mbwa asiyeweza kumeza. Afungiwe, watoto waondolewe, daktari wa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate penye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo wa mwiba.

Anayempeleka buldogi kwa daktari wa mifugo na aende asubuhi na mapema kungali baridi, mbwa akiwa hajala, wala asimfungie katika buti la gari. Achukue kinyesi kidogo katika chombo safi chenye kifuniko, konzi ya unga aliokuwa akilishwa, na chupa au karatasi ya kila dawa aliyokwisha kupewa, hata ile ya jirani.